Bodi Lisizidi Mwanzi Huu

Lukunge, Mgeta
12 Januari 2025

Mjomba Nasibu, shikamoo.

Nisamehe, nimechelewa mno kukuandikia. Tangu mwezi wa kumi na moja naianza barua hii naiacha. Ya kwanza Abuu aliimwagia uji. Ya pili niliiandika na hasira, asubuhi nikaisoma nikaona haifai kufika kwa mtu aliyeninunulia sare ya darasa la kwanza, nikawashia jiko. Hii ni ya tatu. Hasira bado iko, ila sasa nimeiweka mahali naiona. Kukupigia nimechoka. Napanda hadi kwenye jiwe la mtandao na mtoto mgongoni, simu inaita mara mbili, unakata.

Huku hatujambo. Abuu anaota meno ya juu, halali, na mimi silali. Mdogo wangu Amina hajambo, mimba imeingia mwezi wa sita, miguu ndiyo imeanza kumvimba. Mama mdogo Aisha anakusalimu, magoti yake ni yale yale. Kifua chako je, kimetulia? Na shangazi mkeo, na watoto?

Sasa nina neno la pikapu.

Mjomba, siku ya hitima ya mama ulikaa mkekani, ukala pilau, ukasema mbele ya watu wote: hii pikapu aliyoacha dada yangu naishusha Kihonda karakanani kwangu, nikaitengeneze ipande mlima masika. Hakuna aliyekushika shati. Tulipouliza utaifanyia nini ulihesabu kwa vidole. Tairi za meno. Bamba la chuma chini ya injini, mawe yasiitoboe. Winchi ya mkono ya kujivuta ikikwama. Na kuinyanyua kidogo ipite kwenye mifereji. Vyote kwa vyuma vya mitumba, ukasema, hatutatoa jasho. Tukakuombea dua.

Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi. Leo ni Januari na mazao tunayateremsha kwa kichwa hadi chini linakosimama fuso.

Nikukumbushe na sababu, maana huenda mjini mambo ni mengi. Masika iliyopita Abuu alizaliwa kwenye kona ya Mikuyu, mimi nikiwa juu ya machela, nimefunikwa turubai la kuanikia maharage, kwa kuwa pikapu ilikaa tumbo kwenye tope ikawa inazungusha miguu tu. Mimi nilinusurika. Amina hawezi kuijaribu bahati hiyo. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na Sista Cecilia wa zahanati kamwambia mara tatu mimi nikisikia: wewe uchungu ukianza usisubiri ukolee, teremka mjini saa hiyo hiyo, kovu lako linaweza kuachia. Siku zake ni katikati ya mwezi wa nne. Masika yenyewe, Mjomba.

Halafu juzi Godlisten, huyu wa fuso anayetuchukulia kabichi na ndiye anayekuletea barua hii, kanionyesha picha kwenye simu yake. Pikapu ya mama. Ina taa sita kichwani kama ukumbi wa harusi, imevuka mto sijui wapi, na vijana wamekaa juu yake na miwani wanacheka. Mmoja ameweka kiatu juu ya mlango, pale pale mama alipokuwa anaegemeza kiwiko akiendeshwa na dereva wake Maneno. Nilirudisha simu nikaenda kuchota maji. Nilikuwa nimeshachota.

Pamoja na barua Godlisten atakupa mwanzi. Usiutupe. Nimeupimia kwa mama mdogo Aisha, ambaye ndiye mfupi kuliko wote tunaobeba machela, kutoka ardhini hadi kwenye mfupa wa nyonga. Unajua wanaume wa huku masika wako wapi, wako bondeni kwenye vibarua vya miwa. Wagonjwa tunabeba sisi. Machela tunaishika kwa mikono iliyonyooka, kwa hiyo bodi la nyuma la pikapu likiwa sawa na nyonga tunaisukuma, inaingia bila kuinyanyua. Likipanda zaidi ya hapo inatubidi tuipandishe kifuani, na aliyelala juu yake anateremka upande wa miguu. Mimi nimelala juu yake, najua.

Kwa hiyo weka utakachoweka, ila bodi lisizidi mwanzi huu. Na pikapu iwe hapa kabla mwezi wa pili haujaisha.

Mpwa wako,
Mwanvita


Kihonda
26 Januari 2025

Mpwa wangu Mwanvita, mama yangu mdogo,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimeipata, nimeisoma nimesimama, maana ingenikuta nimekaa ingeniangusha kitini. Hukosei, we ni dada yangu mtupu. Sisi wazima, kifua kinanisumbua tukipaka rangi tu. Shangazi yako anambusu Abuu.

Sasa nisikilize bila kununa. Unajua pikapu ile ina umri gani? Ina umri wako. Chasisi ilikuwa inakwenda kuoza, nimeichomelea. Bampa la mbele nimelitengeneza kwa bomba la kisima kilichokufa. Bamba la chini ni la tangi la mafuta la zamani, hilo jiwe likiligonga litaumia jiwe. Winchi nimeipata kwa fundi wa mbao. Hela iko wapi ya vitu hivyo? Haipo. Ndiyo maana nimekubaliana na wale vijana uliowaona kwenye picha. Wana magari yao makubwa, wanapenda kwenda kucheza kwenye matope Jumamosi. Wao wamenipa tairi zao pana walizobadilisha, na springi ndefu, na taa. Mimi nawaazima pikapu Jumamosi moja moja, wanaijaribu. Kujaribiwa ni faida yetu. Gari lisilojaribiwa utalijuaje?

Nimelinyanyua vizuri mno. Nimeweka zile springi, na chini yake vipande vya chuma, yaani mtoto anapita chini bila kuinama. Ukiliona utalia.

Huo mwanzi wako umetuchekesha karakana nzima. Mpwa wangu, gari halipimwi kwa mwanzi, kinachopimwa kwa mwanzi ni kaburi. Ila umenifaa, nimeufanya wa kushikilia boneti ya gari moja la mteja, kile chuma chake kilikuwa kimekatika.

Amina mwambie atulie. Mwanzo wa mwezi wa tatu Maneno aje aichukue. Nakutumia sukari kilo tano na kanga mbili, moja yako moja yake.

Mjomba wako,
Nasibu


Lukunge
16 Machi 2025

Mjomba, shikamoo na Ramadhani njema.

Natumaini swaumu inakwenda salama na kifua kimekuachia. Sisi tunafunga, isipokuwa mimi ninayenyonyesha na Amina, ambaye sasa hata kuinama kuokota kijiko hawezi. Sukari tumepata, Mungu akuzidishie. Kanga nazo nzuri.

Pikapu imefika. Nitaanza na mazuri ili usiseme sina adabu. Bamba la chini ni kazi ya mtu anayeijua kazi. Winchi Maneno ameifunga kwenye mparachichi akavuta, gari zima likapanda. Bampa sawa. Kwa mikono yako sina neno.

Sasa bodi.

Alhamisi akina mama walikuja na kabichi kama kawaida, mtu ana tenga kichwani, anakuja hadi nyuma ya gari, anageuka, anaegemeza, tenga linakaa lenyewe. Ndivyo walivyofanya miaka yote na mama. Wa kwanza alikuwa mama mdogo Aisha. Akafika, akageuka, akaegemeza, tenga likagonga ubavu wa bodi likamwagika. Akatazama juu. Akasema, "Nasibu katuletea twiga. Basi atuletee na ngazi ya kumkamulia." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, tukaokota kabichi. Ila kwa swaumu ile, na jua lile, kupandisha matenga arobaini juu ya vichwa vyetu badala ya kuyaacha yateleze, ilipofika la kumi hakuna aliyecheka tena.

Nikasema haya, tujaribu machela. Nikalala mimi. Mama mdogo na Sista Cecilia miguuni, wawili wengine kichwani. Walipoipandisha, ncha ya mbele ikashika ukingo wa bodi, ya nyuma ikawa chini, na mimi nikaanza kuteremka. Nilishika mianzi ya machela kwa mikono miwili. Nina mikono mizima na sina uchungu, na bado nilidondoka. Amina alikuwa amekaa mlangoni anatazama. Aliingia ndani akaanza kukunja kanga zake upya, zile zile alizokwisha kuzikunja.

Nimelipima kwa mkono kutoka nyonga ya mama mdogo. Bodi limezidi mwanzi wangu kwa shibiri moja na vidole vinne.

Maneno naye ana yake, na yeye mlima huu ameupanda na mama miaka kumi na minne. Anasema kwenye kona ya Mikuyu gari linaegama upande wa korongo kama mtu aliyebeba maji kwa bega moja. Anasema tairi pana ni za mchanga. Tope letu juu ni laini na chini kuna mgumu, tairi nyembamba inakata inakwenda kuutafuta ule mgumu, hizi zinaelea juu kama kandambili. Na ukikata kona zinasugua bodi, unasikia harufu. Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia ulipokwenda kulichukua? Akasema, "Nilimwambia. Akaniuliza mimi nina karakana wapi."

Mjomba, nakuomba kwa heshima zote. Maneno atalileta Jumatatu ijayo. Rudisha springi za zamani, toa vile vipande vya chuma, weka tairi nyembamba. Siku nne tu za kazi. Mwezi mmoja umebaki.

Mpwa wako,
Mwanvita


Kihonda
23 Machi 2025

Mpwa wangu,

Nimepata barua yako nikiwa na njaa, na imenishibisha.

Nimekuwa fundi kabla hujazaliwa. Nimetengeneza magari ya padri, ya shehe na ya mkuu wa shule, hakuna aliyenitumia mwanamke na shibiri. Maneno ni dereva, dereva hata siku moja hajaacha kulalamika. Springi za zamani sina, nimempa mtu wa Mlali wa mkokoteni. Tairi nyembamba ni kurudi nyuma. Kuhusu kupakia, watafuteni wanaume wapakie, wanaume hawajaisha Lukunge. Na usisahau, mali ya ukoo mwangalizi wake ni mjomba. Hata mama yako alikuwa ananiuliza.

Jumatatu usilete, nina kazi za watu za Idi. Ila Jumamosi baada ya Idi Maneno ailete bila kukosa. Wale vijana wana mashindano yao Gairo na nimekwisha kuwaahidi. Wakishinda wametuahidi betri mpya. Ikirudi kutoka huko nitaangalia hilo la bodi.

Usinikasirikie. Mimi ni mjomba wako.

Nasibu


Lukunge
20 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ya mwezi wa tatu sikuijibu. Funguo nilizitia kwenye ndoo ya unga nikakaa kimya, ndiyo maana Jumamosi ile hukuiona pikapu. Nilitaka hata hivyo niishushe nitafute fundi mwingine, lakini siku ya pili ya Idi mvua ilifungua mlango na haikuufunga. Fuso la Godlisten likawa linaishia Mlali, chini ya mlima. Barua hii naishusha huko kwa mguu nimpe mkononi.

Sikuulizi hali. Nitakueleza ya kwetu, kisha utajua kama unataka kuniuliza mimi.

Tulifanya tulichoweza. Maneno alifungua taa zako tano kati ya sita ili kichwa cha gari kipungue uzito. Alitoa upepo kwenye tairi mpaka zikalala kidogo, zishike tope. Tulijaza mawe kwenye mifereji miwili ya juu, sisi na matumbo ya njaa.

Jumatano tarehe tisa, saa mbili asubuhi, Amina alikuwa anachambua mchicha. Akaweka ungo chini akasema, "Dada, ndiyo hii." Hatukusubiri ukolee. Tulifanya kama Sista alivyosema.

Kumpakia tulijua hatutaweza, kwa hiyo Maneno alilirudisha gari kinyumenyume hadi kwenye tuta la kabichi la mama mdogo, bodi likalingana na tuta, tukamsukuma akaingia. Kabichi zote tulizikanyaga. Mama mdogo hakuzitazama hata.

Kona ya Mikuyu gari liliegama. Tairi ya nyuma ya upande wa mlima ikawa hewani, inazunguka, inanirushia tope usoni. Maneno hakushuka. Alijisogeza mpaka dirisha la upande wa mlima akakaa na uzito wake pale, akasema taratibu kabisa, "Mteremsheni. Msikimbie. Nikiondoka hapa linakwenda." Na pale hakuna tuta, Mjomba. Pale ni barabara na korongo. Kwa kuegama kule bodi lilinifika kifuani. Mama mdogo lilimfika kidevuni. Tulipoivuta machela, upande wake ukaponyoka. Si kosa lake, alikuwa amenyoosha mikono kama mtu anayeangua embe. Amina hakufika chini. Alining'inia kwa kanga tuliyomfungia kifuani, ile ile uliyomtumia, akapiga ukelele mmoja. Mmoja tu. Baada ya hapo alikuwa ananiuliza saa.

Tulimbeba kwa miguu. Mlali tulifika saa tisa alasiri. Kwa gari ingekuwa kabla ya saa tano. Gari la wagonjwa lilimchukua kutoka hapo.

Kovu lilikuwa limeachia. Mtoto wamemtoa mzima, wa kike. Amina wamemwongeza damu chupa nne. Kizazi wamekitoa. Daktari alinieleza mimi kwanza, akanitaka nimwambie, maana yeye alikuwa na wengine wanaomngoja. Nikamwambia. Ana miaka ishirini na miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi huyu nimshike vizuri."

Siyo yote yako. Mvua hukuinyesha wewe, na kovu hukulikata wewe. Lakini shibiri na vidole vinne ni vyako. Ulitumiwa mwanzi ukaufanya wa kushikilia boneti.

Na hili nalo nikuambie mimi, usilisikie barabarani. Tulikaa wodini siku tisa. Kutoka Kihonda ni bajaji moja. Shangazi alikuja kila siku na chupa ya uji, Mungu amlipe, anasema uko Gairo kwa wale vijana. Siku ya saba tulimpa mtoto jina. Kwetu mjomba ndiye anayeulizwa kwanza, hata mtoto awe wa nani. Hatukukuuliza. Anaitwa Furaha, jina la mama.

Umeandika mwangalizi wa mali ya ukoo ni mjomba. Sawa. Mali ya ukoo wetu ni nini? Si pikapu. Ukoo wetu unapita kwa tumbo la mwanamke, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo nikiwa mdogo, ukinitania kwamba wewe ni tawi na mimi ni shina. Basi tumbo moja limefungwa.

Maneno alilitoa gari kwa ile winchi yako, ilichukua siku tatu. Amelileta mbele ya karakana yako. Funguo anazo shangazi.

Mwanvita


Kihonda
4 Mei 2025

Mwanvita,

Sitaki shikamoo yako, wala sina uso wa kuipokea.

Gairo nilikaa siku mbili. Zile saba nyingine nilikuwa hapa hapa Kihonda. Shangazi yako alisema uongo kwa sababu nilimwomba. Siku moja nilifika mpaka geti la hospitali na machungwa. Nikamwona mama mdogo wako amekaa nje ameweka miguu yake kwenye beseni, imevimba. Nikawapa machungwa watu waliokuwa wanangoja bajaji, nikarudi.

Pikapu niliiacha pale mbele wiki nzima bila kuigusa. Juzi vijana walikuja kuulizia, nikawaambia haiazimwi tena. Baadaye nikaenda kuutafuta mwanzi. Ulikuwa kwenye gari la mwalimu mmoja, unashikilia boneti. Nikauchukua nikausimamisha nyuma ya bodi. Hukukosea hata kidole.

Nilikuwa sioni akina mama, Mwanvita. Nilikuwa naona gari. Nililinyanyua nikiwa nimesimama nalitazama kwa mbele.

Usinitumie salamu. Nitumie orodha. Chochote utakachoandika nitafanya hivyo hivyo kilivyo, sitaongeza wala sitapunguza. Nikikosa chuma nitakata geti langu.

Nasibu


Lukunge
18 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimeandika shikamoo kwa sababu wewe bado ni mkubwa wangu, na nitaiandika kila mara hata usipoitika.

Abuu amemaliza meno ya juu, sasa anauma. Furaha ananyonya vizuri, ana nywele nyingi na paji la uso kama lako, nimemtazama nikakasirika kisha nikacheka. Amina anatembea hadi kwenye mparachichi na kurudi. Tumbo la chini bado linamchoma akikohoa. Usiku simsikii analia, namsikia anahesabu vidole vya mtoto. Barua yako nimemsomea. Nilipofika pale kwenye machungwa aliniambia nirudie, nikarudia. Hakusema amekusamehe na mimi sitasema kwa niaba yake. Alisema tu, "Geti asikate. Watoto wake watalalaje bila geti."

Mimi hasira yangu haijaisha, nisikudanganye. Nikipita ile kona na ndoo huwa naangalia upande mwingine. Lakini Sista Cecilia ana wanawake watatu kwenye daftari lake wanaotarajia mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na vuli haitangoja nimalize kukasirika. Mmoja ni mke wa Maneno, ambaye mume wake alikaa peke yake dirishani wakati sisi tunashuka. Kwa huyo peke yake ungetakiwa kulitengeneza gari zima upya.

Umeomba orodha, hii hapa. Nimekaa na Maneno na mama mdogo, kila mmoja amesema lake. Sukari usitume tena, wala kanga. Vitu ni hivi tu, na viwe hapa kabla ya mwisho wa mwezi wa nane.

Mpwa wako,
Mwanvita

Vinavyotakiwa:

Springi za nyuma za zamani. Mfuate mtu wa mkokoteni Mlali, yuko karibu na mashine ya kusaga, Maneno amemwona nazo. Ongeza bapa moja tu la springi kila upande, kwa ajili ya mzigo. Zikikosekana hapo, usiweke nyingine ndefu.

Vipande vyote vya chuma ulivyoweka chini ya springi vitoke. Usiviweke akiba.

Tairi nyembamba za meno, nne, na moja ya akiba. Mitumba sawa, ila kati ya meno kidole kizame mpaka ukucha uishe. Zile pana warudishie wenyewe.

Breki za mbele. Hukuzigusa kabisa, Mjomba. Maneno anasema alikuwa anasimamisha gari kwa gia.

Bamba la chini libaki. Winchi ibaki, ila kamba yake mpya, hii imeanza kuchanika.

Cheni mbili za kuvisha tairi za nyuma. Mabati mawili mazito yenye matundu, ya kusukumia chini ya tairi likikwama, urefu wa mtu aliyekaa. Makoleo mawili, moja la mpini mfupi, la wanawake.

Pete nne za chuma, zichomelewe ndani ya bodi kwenye kona, za kufungia machela isicheze. Zisiwe na ncha. Pembeni kibao cha kukaa mtu mmoja amshike mgonjwa mkono.

Turubai la bodi, lisiwe lile la maharage.

Taa moja, iwe ya nyuma, imulike bodi. Nyingine fanya unavyojua.

Kona ya Mikuyu haiji kwako, lakini ujazo wake wa mawe unahitaji mikono. Lete ya kwako miwili, siku tatu, wewe mwenyewe uendeshe gari kuja nalo, upandie kona ile ile.

Na mwanzi wangu. Usiupake rangi, usiukate. Uufunge ndani ya bodi usivunjike njiani. Siku utakayofika gari litasimama hapa uwanjani, akina mama watakuwepo, na mwanzi utasimamishwa nyuma ya bodi mbele yao. Atakayeusimamisha ni Amina.